Je, Wajua Kwa Nini Vanishi Mpya Hubambuka Juu ya Kabati la Zamani?

Katika jikoni nyingi za Nairobi, kabati la mbao huanza kuchakaa karibu na jiko na kuzunguka vishikio, na mwenye nyumba huona dawa yake ni kununua kopo la vanishi kwenye hadiwea na kupaka mkono mmoja, yaani tabaka moja, juu ya ile iliyopo. Baada ya miezi michache vanishi hiyo hubambuka kama ganda la kitunguu, naye humlaumu muuzaji. Mara nyingi kopo halina kosa.

Ubao mtupu una vitundu vidogo ambamo vanishi ya kwanza hupenya na kushika. Mkono unaopakwa baadaye haugusi ubao kamwe. Hugusa vanishi ya zamani, na aina ya vanishi hiyo ndiyo huamua mambo. Shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu, huyeyuka tena kwa spiriti ya alkoholi, na laka ya kupulizia, ambayo mafundi wa samani huipenda kwa kuwa hukauka upesi, huyeyuka kwa thina, kiyeyushi chake. Kwa hiyo mkono mpya wa aina ileile hulainisha ule wa chini na yote miwili huwa ganda moja. Vanishi ya mafuta ni kabila lingine. Kiyeyushi chake kikisha kugeuka mvuke, oksijeni ya hewani huunganisha molekuli zake kuwa wavu usiofumuka, na mkono mpya ukipakwa juu ya uso huo laini hukosa pa kushika.

Ndiyo sababu fundi makini hupiga msasa kwanza. (Msasa wa asili ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo yalitumiwa kusugulia mbao.) Karatasi ya msasa laini ya namba 220 hadi 320 hutosha, kwa kuwa lengo si kuondoa vanishi yote bali kuufisha mng'ao na kuacha mikwaruzo ambayo mkono mpya utaishikilia. Lakini kabla ya msasa, kabati lioshwe kwa sabuni na kupanguswa kwa tapentaini, la sivyo mafuta ya kukaangia yatasukumwa ndani ya mikwaruzo hiyohiyo. Polishi yenye silikoni ni mbaya zaidi: vanishi huikimbia na kuacha vishimo vya mviringo.

Asiyejua kabati lake lilipakwa nini atone spiriti ndani ya mlango, mahali pasipoonekana. Pakinata, ni shelaki. Pasipolainika, ajaribu thina, na pakilainika hapo huenda ni laka. Jaribio hili si la kupuuzwa, maana laka ikipuliziwa juu ya vanishi ya mafuta, thina yake kali huweza kuivimbisha ile ya chini na kuikunjamanisha, na hapo hakuna njia ila kukwangua yote.

Mkono mwembamba hushinda mzito, kwani oksijeni huingilia juu. Ukiwa mzito, uso hufunga utando na chini hubaki ute. Nairobi ya Julai, yenye baridi na mawingu, huchelewesha kazi hiyo zaidi, hivyo saa za kukauka zilizoandikwa kwenye kopo zichukuliwe kuwa ndizo za chini kabisa. Hata vanishi isiponata tena kidoleni, huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na sufuria nzito ikiwekwa juu ya kabati mapema huacha alama ya duara.