Shabiki wa mbio za farasi apewe siku ya kushika

Hapa Nakuru nikitaja mbio za farasi, swali huwa lile lile: zinafanyika lini? Mimi ni daktari wa farasi, na kwangu swali hilo linaonyesha shida ilipo. Mbio zipo uwanja wa Ngong, Nairobi, Jumapili kadhaa za msimu, lakini mtu wa Molo au Kisumu hana hata moja aliyoiweka akilini.

Australia, Melbourne Cup hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, na jiji zima huwa na sikukuu. Asiyemjua farasi hata mmoja anaijua siku hiyo. Marekani wana Kentucky Derby Jumamosi ya kwanza ya Mei, Preakness wiki mbili baadaye, kisha Belmont baada ya wiki tatu. Shabiki anamfuata farasi mmoja kama anavyofuata ligi.

Ila wiki mbili tu kati ya mbio na mbio sizikubali. Katika mbio moyo wa farasi hupita mapigo 200 kwa dakika, ilhali akipumzika hayafiki 45. Huo hutulia upesi; mimi huhofia kano. Kesho yake hupitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi kifundoni, kisha naulinganisha na mwenzake. Nikihisi joto upande mmoja, hata kama hachechemei, nasema apumzike.

Wapo wanaotaka mbio za usiku kama za Happy Valley kule Hong Kong, ili vijana waje wakitoka kazini. Huku kwetu, mvua zikishanyesha, napinga kabisa. Virusi vya ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika husambazwa na wadudu wadogo kuliko mbu, ambao huuma kuanzia machweo, na pundamilia huvibeba bila kuugua. Saa hizo farasi awe bandani.

Ningeteua mbio mbili kubwa: Jumapili ya kwanza ya Februari na ya kwanza ya Machi, saa nane mchana, kabla ya masika. Januari wazazi wanahangaika na karo. Jumamosi huku magharibi ni siku ya mazishi, lakini Jumapili baada ya ibada familia ina nafasi. Mbio ndogo zibaki mwaka mzima, maana masaisi, wale watunza farasi, wanazitegemea. Hizo mbili zisihamishwe, hata mdhamini akiomba.