Kadi kwanza, menyu baadaye

Mtu anaponiomba nimtengenezee tovuti yenye kurasa nyingi, tunaanza na kadi tupu juu ya meza. Katika kila kadi tunaandika swali moja ambalo mgeni huja nalo: kazi hii inagharimu kiasi gani, inachukua siku ngapi, kifaa kikiharibika nimwone nani. Kisha tunawapa kadi hizo watu watano au sita wasiohusika na shirika, nao huzipanga katika mafungu kadiri waonavyo na kulipatia kila fungu jina.

Aghalabu mafungu hayo hayafanani na idara za shirika, na hapo ndipo ubishi huanza. Wakuu hupenda kila idara iwe na nafasi yake kwenye menyu, ilhali mgeni hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba bei hupangwa na idara ya fedha na matengenezo hushughulikiwa na idara ya ufundi. Mimi husimama upande wa mgeni. Niliwahi kukubali kinyume chake, ukurasa wa bei ukafukiwa ndani ya menyu ya idara, na simu za kuulizia bei hazikukoma mpaka tulipouhamishia juu.

Mafungu yakishakubalika, ninachora mti: ukurasa wa mwanzo juu, mafungu makuu chini yake, kisha kurasa za ndani. Sijifungi na kanuni ya mibofyo mitatu, ile isemayo kwamba mgeni afikie chochote kwa kubofya mara tatu tu, kwa maana msomaji haoni taabu kubofya mara ya nne iwapo kila kiungo kinamwonyesha wazi kwamba anakaribia anachokitafuta. Ninachokikagua kwa makini zaidi ni ukurasa yatima, yaani ule usioelekezewa kiungo na ukurasa mwingine wowote.

Zinafuata anwani za kurasa, ambazo wengi huziachia programu izitunge yenyewe. Linganisha /idara-ya-ufundi/2019/ukurasa7.html na /matengenezo/pampu. Ya kwanza itapitwa na wakati siku idara itakapobadilishwa jina. Ya pili haitegemei idara, mwaka wala aina ya faili, na kwa hiyo inaweza kudumu. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliwahimiza wenye tovuti tangu mwaka 1998 wachague anwani ambazo hawatalazimika kuzibadili. Ninatumia herufi ndogo tupu, kwa kuwa seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, huhesabu Pampu na pampu kuwa vitu viwili, na maneno ninayatenganisha kwa vistari.

Ikiwa tovuti ya zamani ipo, kila ukurasa unaohama unahitaji uelekezaji wa kudumu, ule wenye namba 301 unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya, ili anayefuata kiungo cha zamani asiangukie 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Anwani za zamani na mpya ninaziandika katika jedwali moja, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa seva, na siku tovuti inapofunguliwa ninazibofya zote za zamani, moja baada ya nyingine, nikihakiki kila moja inakofikia.