Mazoezi ya skechi: dakika 30 kwa siku na kalamu nyekundu

Mtu anaweza kujaza madaftari kumi ya skechi na mkono wake ukabaki palepale ulipoanzia. Si uvivu. Kila ukurasa ulifunikwa mara tu ulipokwisha, na kosa la ukurasa wa kwanza likarudiwa mpaka likawa mazoea. Ndiyo maana idadi ya michoro hainishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni zile dakika chache baada ya kuchora, ambazo wengi huzitupa.

Nusu saa naigawa hivi: dakika 5 za kulainisha mkono, 15 za kuchora, 10 za kukagua. Muda ukipungua, kata kwenye kuchora, usikate kwenye kukagua.

Kulainisha mkono hakuhitaji maneno mengi. Weka nukta mbili zilizoachana kama sentimita 12. Pitisha penseli hewani kati yake mara mbili tatu, kisha vuta mstari mmoja bila kusita. Ukiikosa nukta ya pili, uache mstari ulivyo, uweke nukta nyingine. Ikitimia mistari 20, chora duaradufu za ukubwa tofauti, kila moja ukiizungushia mara mbili. Mwendo utoke begani. Kifundo cha mkono hakifiki mbali: ukikitegemea kwa mstari mrefu, mstari unapinda, nawe unaanza kuunga vipande vifupifupi. Ile mistari yenye manyoya, ambayo wengine huidhania kuwa mtindo, chanzo chake ni hicho. Penseli ya 2B, yenye ulaini wa kiasi, inatosha. HB, iliyo ngumu zaidi, huvuta watu kukandamiza wakitafuta weusi, na 6B, laini sana, huchafua karatasi kabla umbo halijakaa.

Dakika 15 za kuchora zibebe swali moja tu. Leo mkao wa mwili, kesho vipimo, keshokutwa mwanga. Ukiyachanganya yote matatu, wakati wa kukagua hutajua kilichoharibika ni kipi.

Tuchukue mkao. Chora miili 10 kwa sekunde 30 kila mmoja, kisha 5 kwa dakika 2. Katika sekunde 30 hakuna nafasi ya vidole wala uso. Tafuta mstari unaotoka kichwani, ukapita kwenye uti wa mgongo, ukashuka hadi mguu uliobeba uzito. Ongeza mwinamo wa mabega na mwinamo wa nyonga, basi. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya upande uliobeba uzito hupanda, na mara nyingi bega la upande huohuo hushuka. Kishimo cha koo nacho huangukia karibu juu ya mguu huo. Mchoro wako ukionekana kama unataka kuanguka, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kabla hujaanza kulaumu miguu.

Kwa vipimo, nyoosha mkono kabisa, funga jicho moja, na pima kwa ncha ya penseli na kidole gumba. Kiwiko kikikunjika hata kidogo, umbali unabadilika na kipimo kinakuwa cha uongo. Mtu mzima ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi, lakini kanuni hiyo ni ya kuhakikishia, si ya kuchorea: aliyeketi au anayeonekana kutoka juu haifuati. Jambo lingine linalowaponyoka wengi ni kwamba macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa. Wanaoanza huyapandisha, kwa sababu jicho la mtazamaji hukimbilia uso na kupuuza paji na fuvu.

Sasa kukagua. Kama ulichora kutoka kwenye picha, piga picha mchoro wako, simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi; simu ikiinama, inazalisha makosa ambayo si yako. Fungua picha zote mbili kwenye programu ya kuchora, weka mchoro juu ya picha ya mfano, punguza uonekano wake hadi asilimia 50, na ulinganishe ukubwa kwa sehemu mbili tu, kwa mfano utosini na kidevuni. Kwenye leya (tabaka) mpya chukua rangi nyekundu, uchore mistari sahihi palipopotoka. Kisha andika kwa kalamu nyekundu sentensi moja yenye kipimo na upande: “Bega la kushoto limepanda kwa robo ya kichwa.” Sentensi kama “mikono mibaya” haifai kitu, kwa kuwa haikuambii kesho ufanye nini.

Baada ya hapo chora tena picha ileile kwa dakika 3, bila kutazama mistari myekundu. Mchoro huu wa pili haupendwi na mtu, unachosha, lakini ndio unaoonyesha kama marekebisho yameingia mkononi au yamebaki kwenye skrini.

Tahadhari kuhusu picha za mfano: uso uliopigwa kwa simu kutoka umbali wa mkono una pua iliyokuzwa na masikio yaliyorudi nyuma. Ukiunakili kwa uaminifu, unajizoeza makosa ya lenzi. Tafuta picha zilizopigwa kutoka mbali kiasi, na angalau mara mbili kwa wiki chora kitu halisi kilicho mbele yako.

Kwenye tableti ya kuchorea, ile unayochora juu yake kwa kalamu na mchoro ukatokea kwenye skrini ya kompyuta, kabla ya kulaumu mkono kagua mpangilio. Uso wa tableti ukiwa na uwiano wa 16:10 na skrini 16:9, duara unalochora kwa mkono linatokea limebanwa, mpaka uwashe chaguo la kulazimisha uwiano ulingane. Watu hufanya mazoezi miezi mingi wakipambana na hitilafu hiyo bila kujua. Shughulikia pia mkunjo wa shinikizo, yaani mpangilio unaoamua mstari unenepe kiasi gani kalamu inapokandamizwa: kama unalazimika kukandamiza ili upate mstari mnene, urekebishe mpaka mguso wa kawaida ukupe unene wa kati. Kiimarisha mstari, kinachonyoosha mtetemo wa mkono, kiwe chini au kizimwe kabisa wakati wa mazoezi, kwani kinaficha kile unachotaka kukikagua.

Tabia mbili za kidijitali huua skechi. Ya kwanza ni kukuza picha mapema. Unachonga jicho zuri sana juu ya kichwa kilichopinda. Turubai nzima ionekane kwenye skrini mpaka umbo kubwa likae. Ya pili ni kutendua (undo) kila mstari. Jiwekee sheria: katika skechi za chini ya dakika 5, hakuna kutendua. Na geuza turubai kushoto kulia kila baada ya dakika chache. Kwenye programu ya kuchora ya Krita ni kubonyeza M tu. Jicho huzoea upotofu likauona wa kawaida, na kugeuza kunauondoa uzoefu huo papo hapo.

Tukija kwenye kupaka, tumia brashi moja ya duara yenye kingo ngumu, na toni (viwango vya mwanga na giza) tatu: nyeupe-kijivu, kijivu cha kati, kijivu cheusi. Turubai ya pikseli 800 kwa 600 inatosha. Fumba macho nusu ukitazama mfano, ili vitu vidogo vipotee yabaki mafungu ya mwanga na kivuli. Amua kila sehemu iko upande upi. Kosa kubwa hapa ni mwanga wa kuakisiwa ndani ya kivuli kupakwa mweupe mno. Hata uking’aa vipi, hubaki mweusi kuliko sehemu inayopigwa na mwanga moja kwa moja. Ukiuzidisha, mpira unageuka kuwa kitu cha bati. Brashi laini ya hewa isubiri: inapakaza mipaka kabla hujaamua mpaka uko wapi, na matokeo yake ni ukungu.

Rangi zikishaingia, usikague toni kwa kushusha ukolezi wa rangi hadi sifuri. Katika programu nyingi njia hiyo huonyesha manjano safi na bluu safi kama kijivu kimoja, ilhali manjano ni angavu zaidi kwa mbali. Weka leya ya juu iliyojazwa nyeusi, modi yake (namna inavyochanganyika na leya za chini) iwe ya Rangi (Color), uiwashe na kuizima. Na kivuli kilichopakwa kwa nyeusi katika modi ya kuzidisha (Multiply) huonekana kama masizi kwenye ngozi. Chagua rangi ya kivuli mwenyewe, yenye giza zaidi na iliyosogea kidogo kuelekea baridi au joto kulingana na chanzo cha mwanga.

Andika tarehe kwenye kila ukurasa. Baada ya wiki 4 zisome zile sentensi nyekundu zote kwa mkupuo. Kosa lililotokea mara tano au zaidi ndilo swali la wiki inayofuata, siku zote saba. Kisha chukua picha ya mfano ya siku ya kwanza, uichore tena kwa muda uleule, uiweke chini ya mistari ileile myekundu.