Picha za Tingatinga si sanaa ya kale ya Zanzibar

Mgeni anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe, akiona tembo na twiga wa rangi kali wametundikwa kando ya milango ya kuchonga, huamini kwamba picha hizo ni urithi wa kale wa Unguja, na wauzaji wengine hawamsahihishi, kwani biashara ni biashara. Milango ndiyo ya kale. Mtindo wa picha ulianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania bara, aliyefariki mwaka 1972. Alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ile ya kupakia baiskeli; ukiielekeza picha ya namna hiyo kwenye mwanga wa dirisha, madoa ya chui humeremeta kama bati jipya.

Wanyama wenyewe nao ni wa bara: tembo na twiga hawaishi porini Unguja wala Pemba. Chui alikuwepo Unguja, mdogo kuliko wa bara, ingawa leo hudhaniwa ametoweka. Kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye ni wa Unguja hasa, angestahili ukuta wake.