Nani aliyemsugua huyu "sugu"?

Katika hati za Kifaransa ninazotafsiri hapa Bukavu, za mahakama na za mashirika ya watoto, neno "incorrigible" halikosi. Limetoka Kilatini: "regere" ni kuongoza, "corrigere" ni kunyoosha kilichopinda, na "in-" ya mwanzo inakanusha. Basi ni mtu asiyenyoosheka. Ufaransa ilijenga sheria nzima juu ya wazo hilo tarehe 27 Mei 1885, ikawa inawapeleka warudiaji wa makosa Guyana ya Kifaransa na New Caledonia, wakae huko maisha yao yote.

Mitaani Kadutu mama akichoka atasema tu "ule mutoto ni kichwa nguvu". Kanisani utasikia "ameshupaza shingo", kama ng'ombe anayekataa nira. Kwenye hati wengi wetu huandika "sugu".

Hapo ndipo penye utamu. Sugu ni ngozi nene ya kiganja cha mshika jembe, au ile ya paji la uso la mtu aliyesujudu miaka mingi. Ni ndugu wa kitenzi kusugua, na hakuna anayezaliwa nayo. Neno la Kifaransa linamhukumu mtu na kufunga mlango. La kwetu, ukilisikiliza vizuri, linauliza: nani alisugua, kwa kitu gani, kwa muda gani?

Madaktari wanalitumia kwa haki. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vijidudu vyake havisikii tena dawa za rifampisini na isoniazidi. Mara nyingi usugu huo huzaliwa dawa zinapokatizwa njiani, ingawa mtu anaweza pia kuambukizwa vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu.

Lakini ripoti kuandika "maibobo sugu", yaani mtoto wa mtaani, kwa mtoto wa miaka 11? Hapana. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, humwita mvunja sheria wa miaka 14 hadi chini ya 18 "mtoto aliye katika mgongano na sheria", na aliye chini ya miaka 14 hawajibiki kijinai. Halafu Kiswahili kina kumrudi mtoto, yaani kumwonya na kumrekebisha, kwa kitenzi kilekile cha kurudi nyumbani. Kusema "harudiki" ni kusema hana pa kurudi, na kwa maibobo wengi hilo ni kweli kabisa, ila si kwa maana aliyoikusudia mwandishi wa ripoti.

Siku hizi naandika "amerudia kosa", na hati ikitaja ni mara ngapi, naweka idadi.