Nafasi za kulipwa kwa wanasheria The Hague: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, wakili mmoja ninayemchukulia kama mdogo wangu aliingia ofisini kwangu Mwanjelwa na karatasi mbili alizochapisha. Ya kwanza ilikuwa tangazo la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC: nafasi ya muda kwa mwanasheria kutoka nchi inayoendelea, yenye posho. Ya pili ilikuwa barua pepe ya mtu asiyemjua, anayetaka shilingi 350,000 ili "afungue faili" lake kule The Hague, Uholanzi, yaliko makao ya mahakama hiyo. Baada ya shikamoo aliniuliza jambo moja tu: hiyo laki tatu na nusu aitume leo au asubiri mwisho wa mwezi?

Nilimwambia asitume hata senti. Kisha tukakaa mpaka chai ikapoa, maana aliyokuwa nayo kichwani ndiyo hayo hayo ninayoyasikia kila wanasheria wa nyanda za juu wanapokutana, iwe Mbeya, Iringa au Njombe.

Nianze na hilo la ada, kwa kuwa ndilo linaloumiza mifuko. Wengi wanaamini bila mtu wa kukushika mkono huko ndani, au bila kutoa chochote, jina lako halifiki popote. ICC haitozi ada katika hatua yoyote ya maombi. Umoja wa Mataifa nao hautozi. Unajaza maombi mwenyewe kwenye tovuti ya mahakama, unapakia vyeti vyako, basi. Barua aliyoletewa ilikuwa na nembo, mhuri wa bluu, hata sahihi. Nikamwonyesha mstari mmoja juu kabisa, anwani ya aliyeituma. Ilikuwa anwani ya bure ambayo hata mtoto wa sekondari anaifungua kwa dakika tano. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa tayari kuitupa karatasi ya kweli na kuilipia ya uongo, kwa sababu tumezoeshwa kwamba mlango usiodai kitu si mlango.

"Zile nafasi ni za kujitolea, ni za watoto wa wenye uwezo." Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni gumu kuliondoa. Mafunzo kazini katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana malipo, na kwa miaka mingi nafasi nyingi za ICC za mafunzo na za wataalamu wageni zimekuwa hivyo hivyo: unajilipia nauli, chumba na chakula katika mji ambao kodi yake si ya mchezo. Lakini ICC ina pia nafasi zenye ufadhili, kupitia mfuko maalumu unaochangiwa na wahisani, na Umoja wa Ulaya umewahi kutoa fedha kwa ajili ya wanasheria wa aina yetu. Zimewekwa kwa raia wa nchi zinazoendelea ambazo ni wanachama wa Mkataba wa Roma, ule ulioianzisha ICC. Tanzania iliuridhia tarehe 20 Agosti 2002, wiki chache tu baada ya mkataba wenyewe kuanza kufanya kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Kwa hiyo Mtanzania haombi upendeleo. Analengwa na mpango wenyewe.

Ila tusidanganyane: zenye ufadhili ni chache kuliko zisizo nao, na kinachotolewa ni posho, si mshahara, wala nafasi hiyo si ahadi ya ajira baadaye. Soma tangazo kwa jicho la mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Je, limetaja nauli ya kwenda na kurudi? Bima ya afya? Viza? Kama halikutaja, uliza kwa maandishi kabla hujaaga ofisini.

Kuna wanaokata tamaa kwa sababu ya Kifaransa. Lugha za kazi za ICC ni Kiingereza na Kifaransa, na kwa kawaida kinachotakiwa ni kuimudu moja vizuri, ya pili ikiwa nyongeza. Wanachosahau wenzangu ni kwamba Kiswahili kimezungumzwa sana katika kumbi zile. Mashahidi kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili, ikiwemo katika kesi ya Bosco Ntaganda, kiongozi wa waasi wa Kongo aliyetiwa hatiani mwaka 2019 na kuhukumiwa miaka 30. Kiswahili chao si hiki chetu, kina maneno na lafudhi zake, lakini anayejua lugha toka nyumbani ataona pale ambapo tafsiri ya Kiingereza imelipoteza neno. Kiandike kwenye wasifu wako. Nimeona watu wakiandika Kijerumani cha miezi mitatu na kukiacha Kiswahili, eti kila mtu anakijua.

Sasa lile ambalo binafsi linanisikitisha kuliko yote: "Sisi huku tuna kesi ndogo ndogo. Ardhi, mirathi, mauaji ya vilabuni. Tutapeleka nini kule?"

Tuone kazi yenyewe. Mwanasheria wa muda ICC hasimami mbele ya majaji kumhoji jenerali. Anakaa mezani. Anasoma maelezo ya mashahidi, analinganisha alichosema shahidi mwaka huu na alichosema miaka mitano nyuma, anapanga matukio kwa tarehe, anaandika hoja ya kurasa kadhaa kuhusu swali moja la kisheria. Anaangalia kielelezo kilipita mikononi mwa nani na nani tangu kilipookotwa. Wakili aliyewahi kusimamia kesi ya mauaji kutoka Chunya, ambako panga lililotolewa mahakamani lina alama tofauti na iliyoandikwa kwenye hati ya ukamataji, analijua jambo hilo kwa vitendo.

Na mambo hayo si madogo huko pia. Kesi ya kwanza kabisa ya ICC, ya Thomas Lubanga, kiongozi mwingine wa waasi wa Kongo, ilisimamishwa Juni 2008 kabla hata haijaanza kusikilizwa, kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa na nyaraka ambazo zingeweza kumsaidia mshtakiwa na haukuzitoa, nyingi ukiwa umezipata kutoka Umoja wa Mataifa kwa masharti ya usiri. Usikilizwaji ulianza Januari 2009, hukumu ikaja Machi 2012. Sisi ambao maelezo ya mashahidi husomewa mshtakiwa mahakama ya chini kabla kesi haijapanda Mahakama Kuu tunaielewa vizuri hoja hiyo: mtu hawezi kujitetea dhidi ya asichokijua.

Wengine hudhani ICC ni waendesha mashtaka tu. Nafasi hutangazwa pia katika ofisi za majaji, katika ofisi ya msajili, katika ofisi ya mawakili wa waathirika na ile ya utetezi. Aliyetumia miaka yake kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo asijione yuko upande usiotakiwa.

Arusha nayo huwachanganya wengi, na mkanganyiko huo hutuma maombi mahali pasipo pake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha lakini si ya jinai. Husikiliza madai dhidi ya nchi, na itifaki ya mwaka 2014 ya kuipa mamlaka ya jinai haijaanza kutumika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo mwaka 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari, ilifungwa mwisho wa 2015, na kazi zilizobaki zikachukuliwa na chombo cha Umoja wa Mataifa chenye tawi lake Lakilaki, huko huko Arusha. ICC yenyewe si chombo cha Umoja wa Mataifa. Ukiandika kwenye barua yako kwamba una ndoto ya kuutumikia Umoja wa Mataifa kupitia ICC, msomaji ataishia hapo.

Tena Arusha ile ile ndiyo iliyowalea watu. Fatou Bensouda wa Gambia alikuwa mwanasheria katika ile mahakama ya Rwanda kabla ya kuwa Mwendesha Mashtaka wa ICC. Mohamed Chande Othman wetu aliongoza waendesha mashtaka pale, akaenda Timor Mashariki, akarudi kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Umri pia hauna haja ya kututisha. Nafasi za mafunzo ni za waliomaliza shahada au walio ukingoni kumaliza; za wataalamu wageni zinataka mtu aliyekwisha kufanya kazi.

Mdogo wangu alirudi Jumanne iliyofuata na wasifu wake. Mstari wa kwanza ulisema: "Nina uzoefu mpana katika sheria za jinai." Nikamuuliza, uzoefu huo uliupata ukifanya nini? Akaeleza, nami nikamwambia aandike hivyo hivyo alivyoeleza. Akaandika kwamba alipitia maelezo ya mashahidi 14 katika kesi moja ya mauaji, akatengeneza jedwali la mahali wanapotofautiana, na kwamba jedwali hilo ndilo alilolitumia kumhoji shahidi wa tatu. Ile barua ya 350,000 aliigeuza, akaandika nyuma yake orodha ya vyeti vya kupakia.