Samaki huanza kuharibikia mashuani

Mimi ni mkaguzi wa ubora wa samaki. Mteja akikuta samaki ana shombo kali, humgombeza mchuuzi, na mara nyingi mchuuzi hana kosa. Samaki yule aliharibikia mashuani, katika saa moja au mbili za kwanza, kabla hajaonja barafu.

Siku moja nilitoka na wavuvi wa mshipi kutoka Kilwa Masoko. Akapanda jodari wa kilo 20 hivi, akaachwa apigepige mkia juu ya mbao, jua la saa tano likimchoma. Nikamtia kipimajoto karibu na uti wa mgongo: nyuzi 33. Maji ya bahari yalikuwa nyuzi 28. Nahodha akashangaa: "Mwanangu, si katoka majini sasa hivi?"

Jodari ndivyo alivyo. Misuli yake hutoa joto, na akipambana na mshipi joto hilo huzidi. Asipouawa na kupozwa upesi, nyama hupauka, ikawa tepetepe. Nikamwomba nahodha anipe wa pili. Tulimpiga rungu moja la kichwa, kisha nikamkata nyuma ya pezi la ubavuni, vidole viwili vitatu kutoka shina lake, pande zote mbili, na matamvua pia. Tukawa tunammwagia maji ya bahari. Damu ilichuruzika nzito, ikawa kama juisi ya rozela, mwisho maji yakatoka safi. Zilipita kama dakika tano, akaingia kwenye barafu. Tulipowapasua dikoni, pale ufukweni mashua zinapoteremsha samaki, minofu ya huyu ilikuwa myekundu, inang'aa. Ya mwenzake ilikuwa na rangi ya udongo.

Na si suala la rangi tu. Jodari, nguru na vibua wana histidini nyingi, kijenzi cha protini kilichomo kwenye nyama yao, na wakikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo ni sumu kwa mlaji. Anayemla uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha, pengine hata saa moja haijaisha. Wengi hudhani wana aleji ya samaki. Histamini ikishaingia haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na samaki mwenyewe anaweza asinuke kabisa! Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kinga yake ni baridi tangu mwanzo.

Basi barafu kiasi gani? Kumshusha samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi sifuri, theluthi ya kilo ya barafu inatosha kwa hesabu. Lakini deli, lile sanduku la barafu, linapitisha joto, kifuniko kinafunguliwa kila mara, na safari ni ndefu. Kwa pwani yetu nasema kilo kwa kilo. Ipondwe ndogondogo, maana mabonge huacha mianya na ncha zake hutoboa ngozi. Ukiongeza maji safi ya bahari kidogo, baridi humgusa samaki mwili mzima. Wavuvi hulalamika kwamba barafu ikiyeyuka hela imepotea. Hapana: kule kuyeyuka ndiko kunakolichukua joto la samaki. Anayepangwa kwenye barafu tupu awekewe deli lenye tundu chini, asilale kwenye maji ya damu.

Wakubwa watumbuliwe, tumbo lisafishwe lote kwa maji ya mbali na diko, lijazwe barafu. Vibua wadogo msiwatumbue, ila wapozwe haraka, kwani wakiwa wameshiba matumbo hupasuka yenyewe. Aliyekakamaa msimnyooshe kwa nguvu ili aingie kwenye deli, minofu huachana. Changu aliyetunzwa hivi anaweza kukaa kwenye barafu wiki mbili na bado akalika vizuri.

Wenye ngalawa huniuliza, na asiye na barafu je? Mfunike samaki kwa gunia safi lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, upepo upite, na lilowesheni kila linapoanza kukauka. Hilo litawasaidia kwa changu na tasi wa safari fupi. Kwa jodari, nguru na vibua halitoshi, kwa hiyo siku ya kuwafuata hao barafu ipakiwe kabla ya tanga kupandishwa.